Nina pasipoti ya Uingereza, Hispania wamenikatalia viza ya kuhamia. Nimekosea wapi?

#1 Msukuma Toroli

Wakuu salaam. Niende moja kwa moja.

Nina miaka 58, nimebeba boksi Uingereza miaka 24, na pasipoti yao ninayo kibindoni tangu 2009. Mwaka jana mimi na mama watoto tulikaa tukasema baridi sasa basi. Magoti yamechoka, watoto wanajitegemea, tuhamie Hispania pande za Alicante tuote jua na kula samaki.

Tukaomba ile viza ya kuishi bila kufanya kazi, wenyewe wanaiita no lucrativa. Hesabu yake inajulikana. Wana kipimo chao cha kipato, IPREM, yuro 600 kwa mwezi. Mwombaji aonyeshe mara nne yake, yaani 2,400 kwa mwezi au 28,800 kwa mwaka. Mwenza anaongeza 7,200. Jumla 36,000.

Mimi nimeweka mezani kodi ya nyumba ninayopangisha, pauni 1,150 kwa mwezi. Akiba benki pauni 34,000. Mshahara wa mke wangu, nesi wa zamu za usiku. Ukijumlisha vyote nimevuka kwa mbali. Majibu yamekuja mistari minne ya Kihispania, nimetafsiriwa: haijathibitika kwamba mna uwezo wa kutosha wa kujikimu. Mistari minne, baada ya ada, wakala, mtafsiri na nauli za treni.

Nimekosea wapi?

#2 Nyanya Chungu

Nimetandika mkeka hapa. Wajuzi waje.

#3 Kipepeo wa Mtoni

Mkuu umejitafutia shida mwenyewe. Mwenye pasipoti ya Uingereza haombi viza kwenda Hispania. Unaingia, unakaa siku 90, unapanda boti pale Tarifa unavuka Tangier, Moroko, kunywa chai ya mnanaa, kesho yake unarudi, kalenda inaanza moja. Nina mshikaji yuko kwenye huo mchezo mwaka wa tatu sasa.

#4 Fundi Saa

Wewe wa #3 usimpoteze mzee wa watu. Kalenda haianzi moja. Kanuni ya Schengen, zile nchi za Ulaya zilizofuta ukaguzi wa mipaka baina yao, ni siku 90 ndani ya siku 180 zozote, na hizo 180 zinahesabiwa kurudi nyuma kuanzia siku ya leo, kila siku unayokuwa ndani. Siku ya kuingia imo, siku ya kutoka imo.

Tuseme umeingia tarehe 1 Machi ukatulia. Siku yako ya 90 ni tarehe 29 Mei. Ukivuka Tangier ukarudi kesho yake, ofisa anahesabu kurudi nyuma anakuta 90 zako zote zimo. Unakaa nje mpaka tarehe 28 Agosti ndipo zile za Machi zinaanza kudondoka moja moja. Tena usidhani ukihamia Ufaransa au Ureno umetoka. Nchi 29 za Schengen ni kapu moja. Katika Umoja wa Ulaya, Ayalandi na Saiprasi ndizo zilizo nje ya kapu.

#5 Kipepeo wa Mtoni

Nimekuelewa fundi. Ila mshikaji hajawahi kuguswa.

#6 Fundi Saa

Hajaguswa kwa sababu ofisa alikuwa anahesabu mihuri kwa macho, na mihuri mingine wino umekauka. Tangu Oktoba 2025 wameanza mfumo wa kusajili uso na alama za vidole mpakani, sasa inahesabu kompyuta. Sheria ya wageni ya Hispania inataja faini kuanzia yuro 501 hadi 10,000 kwa anayekaa bila kibali. Mwambie aanze kudunduliza.

Turudi kwa mleta mada. Mimi naanza na bima. Bima wanayoitaka si ya safari. Iwe ya kampuni iliyoruhusiwa kufanya kazi Hispania, ibebe yale yote yanayobebwa na hospitali zao za umma, na isiwe na kuchangia hata senti unapokwenda kwa daktari. Wengi wanauziwa ile ya bei rahisi ambayo kila ukimwona daktari unatoa yuro kadhaa mfukoni. Hiyo wanaitupa. Kaisome karatasi yako, mistari midogo ya chini.

#7 Chumvi Nyingi

Fundi, ingekuwa bima barua ingesema bima. Imesema uwezo wa kujikimu. Mbona liko wazi kama jua la Dodoma: mzee ameomba viza ya mtu asiyefanya kazi halafu akaambatanisha mshahara! Mkihama shemeji anaacha zamu za usiku, au siyo? Basi mshahara wake unakufa siku mnayopanda ndege. Wao wanataka pesa inayokufuata ukiwa umekaa: pensheni, kodi ya nyumba, gawio, akiba. Toa mshahara, umebaki na hiyo 1,150.

#8 Nyanya Chungu

Na akiba je? Pauni 34,000 si kama yuro 39,000 hivi? Peke yake inavuka 36,000.

#9 Chumvi Nyingi

Hapo umenibana. Ngoja mwenyewe aje aseme hiyo akiba imekaa benki tangu lini.

#10 Binti Pangani

Pole kaka. Mimi niko Torrevieja tangu 2018, mume wangu Mwingereza wa Yorkshire. Sisi tulikuta mlango wazi. Mume alikwenda polisi na pasipoti, uthibitisho wa bima na wa pesa kidogo, akatoka na karatasi yake ya kijani. Mimi nikafuata kama mke.

Mlango ulifungwa tarehe 31 Desemba 2020, Uingereza ilipomaliza kujitoa Umoja wa Ulaya, ile Brexit. Aliyekuwa anaishi huku kihalali kabla ya hapo analindwa na Mkataba wa Kujitoa, na kadi zetu zimeandikwa hivyo. Aliyekuja baada ya hapo ni mgeni kama Mmarekani. Hiyo pasipoti yenu walibadilisha rangi tu ikawa ya buluu, kumbe na nguvu zake walishaziacha mezani Brussels.

Nina jirani, mzee wa Kiingereza, alihamia hapa 2009. Miaka yote hiyo hakujiandikisha popote. Hakutaka halmashauri imjue, hakutaka kodi imjue, kwa sababu ukizidisha siku 183 kwa mwaka Hispania inakuita mkaazi wa kodi. Alikuwa anajisifu kabisa kwenye baa: mimi hapa ni mtalii wa kudumu. Na 2016 alipiga kura ya kutoka, maana alikuwa hajafikisha miaka 15 nje, sheria ya wakati ule ilimruhusu. Ilipofika 2021 akawa anazunguka kutafuta karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba aliishi hapa. Alichopata ni bili ya maji, tena kwa jina la marehemu mkewe. Sasa anaishi miezi mitatu huku, mitatu kwa binti yake Uingereza, na anakata siku kwenye kalenda ya ukutani kama mfungwa. Nyumba ni yake, bwawa ni lake, ndimu zinaiva hayupo.

#11 Kipepeo wa Mtoni

Dada umemaliza na hiyo ya ndimu.

#12 Dereva wa Usiku

Mleta mada uza nyumba ya Uingereza, nunua ya Hispania ya yuro 500,000, wanakupa viza ya dhahabu bila maswali. Matajiri wote wamepita humo.

#13 Fundi Saa

Ilifutwa tarehe 3 Aprili 2025. Ureno nao waliondoa nyumba kwenye mpango wao Oktoba 2023. Ugiriki bado wanauza, ila Athens siku hizi ni 800,000.

#14 Dereva wa Usiku

Mwenye 800,000 hawezi kuwa anasoma huu uzi.

Basi Ufaransa. Huko bunge lilipitisha kwamba Waingereza wenye nyumba za mapumziko wakae muda mrefu bila kuomba viza.

#15 Mkwezi

Nusu kweli. Kipengele hicho kiliingizwa na maseneta mwishoni mwa 2023 kwenye muswada wa uhamiaji. Januari 2024 Baraza la Katiba likakichomoa pamoja na vingine vingi. Kwa hiyo Mwingereza mwenye nyumba Dordogne anaomba viza kama asiye nayo. Mimi niko Bordeaux. Ya kwetu hapa ni ile ya mgeni wa muda mrefu: ukishafika una miezi mitatu ya kuithibitisha mtandaoni, ukisahau umeharibu. Nina rafiki alisahau, akalazimika kurudi kuanza upya.

#16 Daktari wa Mifugo

Hamjagusa cheti cha afya. Hispania wanataka daktari aandike kwamba huna ugonjwa wenye madhara makubwa kwa afya ya jamii kwa mujibu wa Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, maneno hayohayo. Daktari wangu wa mtaani aliandika kistaarabu kabisa kwamba mgonjwa wake yuko imara na anatembea sana. Ikarudi.

#17 Chumvi Nyingi

Anatembea sana kwenda wapi? 😂 Na wewe hata jina lako linatia shaka.

#18 Msukuma Toroli

Nawashukuru wote. Nijibu yaliyoulizwa.

Nyanya #8, Chumvi #9: akiba. Niwe mkweli, 15,000 ndiyo iliyokuwepo siku zote. 19,000 waliniwekea watoto watatu kwa mafungu matano, wiki mbili kabla ya kutoa taarifa ya benki. Si mkopo, wametuzawadia wazazi wao.

Daktari #16: cheti kilikuwa na maneno hayo, wakala alinipa mfano.

Mke wangu ni Mkenya, pasipoti ya Kenya, ana ukaazi wa kudumu wa Uingereza. Hakuchukua uraia.

Na kwenye barua ya kujieleza niliandika kwamba sitakuwa mzigo, kwamba ni mchapakazi, na kwamba nitaendelea kusimamia kijikampuni changu cha usafi kwa kompyuta nikiwa hukohuko. Wakala aliisoma akasema safi.

#19 Chumvi Nyingi

MZEE.

Umeandika kwa mkono wako kwenye viza ya kutofanya kazi kwamba utafanya kazi?

#20 Msukuma Toroli

Si kazi hiyo, ni kusimamia. Natuma ujumbe wawili watatu asubuhi.

#21 Mama wa Nakuru

Pole mzee. Mimi nakataa ya Chumvi. Hiyo barua imekuharibia lakini kilichokuua ni harambee. Kwetu watoto kuchangia wazazi ni baraka. Kwa mtu anayeangalia taarifa ya benki ni pesa ya kuazima inayongoja kurudi kwa mwenyewe. Wanapenda kuona pesa imezeeka kwenye akaunti. Hata Uingereza ukiomba viza ya mwenza kwa kutumia akiba, lazima iwe imekaa miezi sita. Na kama waliweka kwa mafungu matano, ndiyo kabisa, inaonekana kama mtu aliyepita mlango kwa mlango.

#22 Fundi Saa

Tuna tatu sasa: mshahara (#7), barua (#19), harambee (#21). Bado sijaachia bima.

#23 Mkwezi

Kwa barua yake hiyo ya kujieleza angeomba ile nyingine, ya wafanyao kazi kwa mbali. Ilianza 2023 na sheria yao ya kampuni changa. Ile inataka mara mbili ya kima chao cha chini cha mshahara, kama yuro 2,760 kwa mwezi kwa hesabu za 2025, na wateja wa ndani ya Hispania wasizidi asilimia 20 ya kipato chako. Tofauti na no lucrativa, hapa mshahara ndio unaotakiwa.

#24 Chumvi Nyingi

Kampuni ya usafi huisimamii kwa mbali mkuu. Ndoo haina intaneti.

#25 Kipepeo wa Mtoni

Kwa nini mnahangaika na jua? Ayalandi hapo jirani. Mwingereza anahamia bila viza, bila kibali, anafanya kazi, anatibiwa, ni makubaliano yao tangu miaka ya 1920. Hapo nina uhakika, msinirukie.

#26 Fundi Saa

Leo Kipepeo umetua penyewe. Waliyaandika upya Mei 2019 ili Brexit isiyaguse.

#27 Mama wa Nakuru

Yanamhusu Mwingereza. Mama watoto ni Mkenya! Ukaazi wa Uingereza haumpi ruhusa ya kuhamia Dublin, anaomba yake kama mke. Miaka ya nyuma Waingereza wenye wake wa nje walikuwa wanatumia njia ya mzunguko: wanahamia nchi ya Umoja wa Ulaya, wanafanya kazi, kisha wanarudi Uingereza kwa haki za Ulaya kukwepa masharti ya kwao. Waliita njia ya Surinder Singh, kwa kesi ya 1992. Brexit iliizika.

Halafu kuna jambo hamjaliona bado. Mkihama mkakaa nje miaka miwili mfululizo, ukaazi wake wa kudumu unakufa. Siku mjukuu akizaliwa Leicester, bibi anapanga foleni ya viza. Shemeji yangu Mwingereza alihamia Watamu, akaoa, akazeeka vizuri, sasa anataka kurudi kwao kwa matibabu na mke. Anaambiwa aonyeshe kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, ndicho kiwango tangu Aprili 2024. Nchi yake mwenyewe. Kuhama ni tiketi tu, mambo yako kwenye kurudi.

#28 Binti Pangani

#27 umeongea. Kaka, mwambie wifi achukue uraia wa Uingereza kwanza. Mke wa raia anaomba baada ya miaka mitatu ya kuishi pale, yeye kaishi zaidi ya hapo. Ada inauma, zaidi ya pauni 1,600, lakini Kenya hawamnyang'anyi ya kwao, katiba yao ya 2010 inaruhusu mbili.

#29 Mama wa Nakuru

Tunaruhusu mbili. Nasikia kuna majirani fulani bado wanajadili 😌

#30 Dereva wa Usiku

Tumeguswa.

#31 Mkwezi

Si tuna hadhi maalumu ya wenye asili ya Tanzania jamani.

#32 Dereva wa Usiku

Hadhi maalumu si uraia pacha. Ni kama kuitwa shemeji kwenye nyumba uliyozaliwa.

#33 Nyanya Chungu

Swali la kijinga. Kwa nini mnasumbuka na Hispania badala ya kurudi nyumbani? Jua lipo, samaki wapo, na huhitaji mtafsiri.

#34 Mstaafu wa Maramba

Si la kijinga binti yangu, na jibu lake mimi ninalo mfukoni.

Nilifanya kazi Uingereza, nikastaafu 2016, nikarudi Maramba kwenye michungwa ya marehemu baba. Pensheni ya serikali yao kwa kiwango kamili wakati ule ilikuwa pauni 155.65 kwa wiki. Mwenzangu aliyebaki, au aliyehamia Hispania, anaongezewa kila mwaka. Mwaka wa fedha 2025/26 kiwango kamili kilikuwa 230.25. Aliyerudi Tanzania au Kenya haongezewi hata peni, anabaki na kile alichoanza nacho mpaka kaburini. Changu kilikuwa pungufu kidogo ya kamili, basi pungufu hilohilo ndilo limegandishwa. Na hatuko peke yetu, waliohamia Australia, Kanada na Afrika Kusini wamegandishwa vilevile. Ukienda Marekani, Jamaika, Ufilipino au Umoja wa Ulaya unaongezewa. Wakiulizwa wanasema ni suala la mikataba ya nchi na nchi. Kanada inao mkataba, na bado imegandishwa, kwa hiyo hiyo sababu nayo ina matundu.

Na naishi hapa kwa kibali cha mgeni, umbali wa kutupa jiwe kutoka lilipo kaburi la babu yangu.

#35 Nyanya Chungu

Shikamoo mzee. Sikujua.

#36 Mstaafu wa Maramba

Marahaba. Michungwa inazaa lakini.

#37 Chumvi Nyingi

Mimi nasema hiyo ni mbinu ya kubana matumizi tu. Wastaafu walio nje hawaandamani London.

#38 Mama wa Nakuru

Au ni kwamba sisi tulioko huku hatukuwahi kudai mkataba. Lawama igawanywe.

#39 Mkwezi

Turudi Ulaya. Mzee Msukuma, umefikiria Ureno? Viza yao ya D7 inataka kipato kinachokufuata ukiwa umekaa, sawa na kima chao cha chini cha mshahara, na mwenza anaongeza nusu yake. Kwa 2025 kima kilikuwa yuro 870, kwa wawili 1,305. Kodi ya nyumba yako pauni 1,150 ni kama yuro 1,320. Unapita bila kugusa mshahara wala harambee.

#40 Fundi Saa

Unapita kwa 2025. Kwa 2026 kima kimepanda hadi 920, kwa wawili 1,380. Amebaki nyuma yuro 60.

#41 Kipepeo wa Mtoni

Apandishe kodi ya mpangaji.

#42 Dereva wa Usiku

Mpangaji ni mimi huenda. Tafadhali.

#43 Binti Pangani

Kaka, kabla hujarudia Hispania ujue na ya mbele. Ukishakuwa mkaazi wa kodi huku unaeleza mali zako za dunia nzima. Kuna fomu namba 720: akaunti za nje zikizidi yuro 50,000 unazitaja, nyumba na viwanja vilevile. Zamani faini zake zilikuwa za kuua mtu, mpaka Mahakama ya Umoja wa Ulaya ilipozikataa Januari 2022. Fomu yenyewe bado ipo.

Na matibabu. Mwingereza anayelipwa pensheni ya serikali yao anakuja na fomu ya S1, Uingereza inamlipia matibabu hapa. Wewe wa 58 huna, pensheni yako inakungoja ufike 67. Baada ya mwaka mmoja wa ukaazi unaweza kujiunga na mpango wa kulipia hospitali za umma, yuro 60 kwa mwezi kama hujafika 65. Mwaka wa kwanza ni bima binafsi, hakuna ujanja.

Na gari. Mume wangu alikaa tangu Mei 2022 mpaka Machi 2023 bila kuendesha, kwa sababu leseni za Kiingereza za wakaazi zilikuwa zimekufa huku nchi mbili zikijadiliana. Mimi na leseni yangu ya Kihispania nikawa dereva wake. Yale mapenzi yalijaribiwa.

#44 Chumvi Nyingi

Kiwanja cha Bagamoyo nacho kinaingia kwenye 720?

#45 Binti Pangani

Kama kinazidi 50,000 kinaingia.

#46 Chumvi Nyingi

Cha kwangu kina watu watatu wenye hati. Nigawanye?

#47 Mkwezi

😂😂

Mzee, barua ya kukataliwa umeipata lini? Una mwezi mmoja tangu uipokee kuomba waliokukatalia wafikirie upya, au miezi miwili kwenda Mahakama Kuu ya Haki ya Madrid. Ya kwanza unaandika mwenyewe, ya pili ni wanasheria na pesa. Wengine hawafanyi yoyote, wanaanza ombi jipya safi.

#48 Msukuma Toroli

Leo ni siku ya 17. Mke wangu amesoma uzi wote tangu juu, amecheka kwenye ndoo, hakucheka kwenye miaka miwili. Ameshafungua ukurasa wa maombi ya uraia.

Nimemuuliza wakala kuhusu barua ya kujieleza. Amesema waombaji wengine waliandika hivyohivyo wakapata. Kuhusu mchango wa watoto amesema hapakuwa na tatizo. Kuhusu mshahara amesema aliuweka kuongeza uzito. Sasa sijui nimshike kwa lipi.

#49 Chumvi Nyingi

Barua. Nipo palepale.

#50 Mama wa Nakuru

Harambee. Wakiona zawadi ya pauni 19,000 bila hata karatasi ya watoto kusema ni zawadi, unategemea nini? Kama utaomba tena, waandike na wasaini, halafu pesa ilale miezi.

#51 Dereva wa Usiku

Mimi naona wote mnakosea, walikuwa na siku mbaya. Maombi yanasomwa na binadamu. Mzee wa mbele yake labda alikuja na kelele.

#52 Msukuma Toroli

Samahani wakuu, jambo moja. Nimeitoa karatasi ya bima kama Fundi alivyosema, nasoma mistari midogo ya chini. Kuna neno copago, halafu yuro 6. Ndiyo nini?

#53 Fundi Saa

Mkuu. Rudi #6.

#54 Chumvi Nyingi

Bado barua ilisema uwezo wa kujikimu, haikusema bima.

#55 Fundi Saa

Yuro 6, Chumvi.